Ua la Usambara katika Chungu

Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, majira ya kupukutika majani yaingiapo mwezi Septemba, mchana hufupika na maua mengi ya bustanini hufa kwa baridi. Wapenda maua huhamishia kazi yao ndani ya nyumba, na anayeanza kujifunza hushauriwa mara nyingi achukue mmea mmoja mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya rangi ya zambarau. Wajerumani huuita urujuani wa Usambara. Waingereza huuita urujuani wa Afrika. Asili yake ni misitu ya Tanzania na Kenya, wala hauna udugu wa karibu na urujuani wa Ulaya.

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika wilaya ya Tanga, aliupeleka mmea huu kwa baba yake huko Ujerumani. Kutoka hapo ulimfikia Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, ambaye mwaka 1893 aliueleza kitaalamu na kuupa jina la Saintpaulia ionantha. Mwaka 2015 wataalamu waliuingiza katika jenasi ya Streptocarpus, lakini jina la zamani lingali likitumiwa na wakuzaji wengi.

Makazi yafundishayo matunzo

Porini mmea huu huota juu ya miamba na katika kingo za vijito, chini ya kivuli cha miti mirefu. Mizizi yake hushika tabaka jembamba la mboji lililojikusanya katika nyufa za mawe. Mtu akiyaelewa mambo hayo, hana haja ya kukariri kanuni za kuutunza, kwa kuwa kila kanuni hutokana nayo.

Kwanza ni mwanga. Mmea uliozoea kivuli huunguzwa na jua kali, lakini gizani hauchanui, kwa sababu usanidinuru hautoi chakula cha kutosha. Chungu kiwekwe barazani au karibu na dirisha lenye mwanga mwingi usio wa jua la moja kwa moja.

Pili ni udongo na chungu. Mizizi ni mifupi na huhitaji hewa. Chungu chenye upana wa sentimita 8 hadi 10 chatosha, nacho kiwe na tundu chini. Udongo uwe mwepesi: mboji ya majani iliyochanganywa na mchanga. Katika chungu kikubwa udongo hukaa na maji muda mrefu, hewa hukosekana, na mizizi huoza.

Tatu ni maji. Maji baridi yakiliangukia jani lenye joto, seli za ndani huharibika, klorofili hupotea na madoa meupe hutokea. Kwa hiyo maji yawe na joto sawa na la chumba, nayo yatiwe katika kisahani chini ya chungu. Baada ya nusu saa yaliyobaki yamwagwe. Mmea usinyweshwe tena mpaka udongo wa juu ukauke.

Nne ni joto. Kiasi kinachofaa zaidi ni nyuzi 18 hadi 24 za Selsiasi. Katika nyanda za juu, wakati wa kipupwe cha Juni na Julai, chungu kiingizwe ndani usiku.

Jani moja, mmea mzima

Sifa ya mmea huu inayowafaa sana wanafunzi ni kwamba jani moja laweza kuzaa mmea kamili. Jani lenye afya hukatwa pamoja na kikonyo chake cha sentimita 3, kisha kikonyo hicho huchomekwa katika mchanga wenye unyevu uliochanganywa na mboji, na kufunikwa kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga ili jani lisinyauke. Baada ya wiki tatu au nne mizizi huota. Baada ya miezi miwili au mitatu vimche huchomoza chini ya jani.

Hilo huwezekana kwa sababu kila seli hai ya jani ina kiini chenye maelekezo yote ya kuujenga mmea. Baadhi ya seli za kikonyo, karibu na mahali palipokatwa, huanza kugawanyika upya na kuunda shina, majani na mizizi.

Darasa laweza kulijaribu jambo hili kwa vyungu kumi. Matano ya majani yachomekwe katika mchanga wenye mboji, na matano katika udongo wa kawaida wa shamba. Maji, mwanga na ukubwa wa majani visitofautiane, ili udongo uwe kitu kimoja tu kilichobadilishwa. Kila wiki wanafunzi waandike ni majani mangapi yameoza na mangapi yametoa vimche.

Nakala na asili

Hata hivyo, mmea uliotokana na jani una urithi uleule wa mmea mama. Vyungu elfu moja vilivyoanzia kwenye jani la mmea mmoja ni nakala elfu moja za kiumbe mmoja. Ugonjwa uwezao kuua mmoja waweza kuua wote. Tofauti za urithi, ambazo mkuzaji huzihitaji ili apate aina mpya zenye kustahimili maradhi au joto, zimo msituni.

Huko msituni makazi yenyewe ni madogo mno. Aina inayoitwa teitensis, kwa mfano, huota katika msitu wa Mbololo tu, katika vilima vya Taita nchini Kenya. Miti ikatwapo, jua hufika kwenye miamba, unyevu hukauka, na mmea hufa hata kama hakuna mkono ulioung'oa.

Kwa hiyo mwalimu anayetaka kuanza ukuzaji huu shuleni asiwatume wanafunzi msituni. Jani la kwanza liombwe kwa jirani mwenye chungu, au mche ununuliwe kwa wauza miche. Jani moja latosha kulipatia darasa mimea yake. Kilichomo msituni hakiwezi kurudishwa kwa jani la chungu.