Mazombi Wakipanda Kona za Mto wa Mbu

Waketishe watu watano mezani pale Karatu, uwaambie wafu wamefufuka Chicago. Watakusikiliza kwa adabu. Sasa waambie wafu hao wako kwenye kona za kupandia kutoka Mto wa Mbu na wanaelekea Rhotia. Mmoja atauliza papo hapo kama basi la jioni limeshapita, kwa sababu dada yake yumo. Hapo mchezo umeshaanza, na msimulizi hajafika hata sentensi ya tatu.

Ninazungumzia mchezo wa kuigiza mezani. Hauhitaji skrini wala ubao. Msimulizi anaeleza hali ilivyo, kila mchezaji anabeba mhusika wake na kusema anafanya nini, na jambo lisilo na uhakika huamuliwa kwa bahati, aghalabu kwa dadu. Mtindo huu ulipata umbo mwaka 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Tangu hapo watu hawajaacha kujitungia ya kwao nyumbani.

Dadu za pande 20 za mchezo huo ni shida kuzipata, na kwa hadithi ya hofu sizihitaji. Mwaka 2005 ulitoka mchezo uitwao Dread, ambao badala ya dadu unatumia mnara wa Jenga. Mhusika akitaka kufanya jambo la hatari, mchezaji anachomoa kipande na kukipandisha juu. Mnara ukiwa umesimama, amefaulu. Ukianguka, mhusika wake ametoka. Jenga yenyewe ina asili ya huku: Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika Mashariki, aliiingiza sokoni London mwaka 1983 kwa jina alilolitoa kwenye kitenzi chetu. Vipande ni 54, urefu wa kila kimoja mara tatu ya upana wake, na seremala yeyote atavichonga kwa mabaki ya mbao. Usiku ukisonga mnara unalegea, mikono inatetemeka, na msimulizi hana haja ya kupaza sauti.

Kazi ngumu ni kuamua hao wafu ni nani. Mtanzania akisikia zombi, wazo la kwanza ni msukule: mtu aliyezikwa, kumbe inasemekana kachukuliwa kimazingara, analimishwa shamba usiku. Ni picha nzito, na mimi siitumii kabisa. Msukule ana mwenyewe. Ukimweka kwenye hadithi iliyopo kijijini kwenu, wachezaji wataanza kumtafuta mwenyewe huyo, na kabla ya saa moja kuisha wameshamfikia bibi fulani wanayemfahamu, mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Sitaki meza yangu iwe mahali pa kuizoeza akili kutuhumu.

Kwa hiyo wafu wangu wanatokana na ugonjwa, nao nimeuiga kutoka kichaa cha mbwa. Kirusi huingia kwa mate, kupitia jeraha la kuumwa, kisha hupanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Mara nyingi huchukua wiki kadhaa au miezi. Dalili zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa. Huo muda wa kungoja ni hazina kwa msimulizi: aliyeumwa bado anacheka, bado anapika, na wenzake wanamtazama mikono. Tena kuna la kufanya. Ushauri halisi wa kitabibu ni kuosha jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha kukimbilia chanjo. Kwenye kanuni zangu, anayeoshwa dakika hizo kamili hachomoi kipande siku hiyo. Ghafla ndoo ya maji inapiganiwa kuliko panga. (Naomba msomaji aliyeng'atwa na mbwa wa kweli asingoje mchezo: aoshe, aende kituo cha afya leo.)

Ramani usiichore. Wanayo vichwani. Kazi yako ni kuuliza: ufunguo wa pampu ya maji anao nani? Lami ni moja, inatoka Makuyuni, inapanda ukingo wa Bonde la Ufa, inapita Rhotia na Karatu mjini, inafika lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro. Nani atasimama barabarani kuyazuia magari ya watalii yasirudi chini? Juu kuna msitu wa Ngorongoro. Atakayesema anakimbilia huko, mkumbushe kwamba tembo hawajafa.

Kuna sharti moja nisilolilegeza: hakuna mtu halisi aliye hai anayegeuzwa zombi. Duka liwepo, mwenye duka abadilishwe jina. Na kabla ya kuanza namuuliza kila mmoja, faragha, kuna msiba gani nisiuguse.

Usiku niliousimamia vizuri kuliko mwingine wowote ulikuwa na mchezaji Mwiraqw. Wazee wake walihamia Karatu kutoka nyanda za Mbulu, ambako zamani Wairaqw walijenga nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, paa la udongo likiwa sawa na mteremko, ili wavamizi wa ng'ombe wapite juu bila kujua. Wenzake walikuwa wamebishana kwa muda wajifungie kanisani au shuleni. Yeye akasema, "Jamani, mhusika wangu ni bibi. Nyumba ya namna ile anaijua, alionyeshwa akiwa mtoto. Tuchimbe."

Nikamwambia achomoe. Mnara ulikuwa umeinamia upande wa dirisha, na vipande vya katikati vilikuwa karibu vimekwisha. Akakunja mikono ya shati.