Mbwa mtiifu kwanza, mcheza ngoma baadaye: Somo kutoka milima ya Bumbuli

Na Mwandishi Wetu

UKIMTAJA mbwa mbele ya wazee wa Bumbuli, hawakawii kukufikisha kwa Mbegha. Huyo ni yule mwindaji wa Nguu ambaye, kwa mujibu wa simulizi, alihesabiwa kuwa kigego kwa sababu meno yake ya juu yalitangulia kuota, akafukuzwa na ndugu zake, akaenda Kilindi, na hatimaye akapanda milima ya Usambara akiwa na mikuki, fumo na kundi la mbwa.

Wenyeji wa milimani walikuwa wakisumbuliwa na nguruwe mwitu walioharibu mashamba. Mbegha na mbwa wake waliwaua nguruwe hao, nyama ikagawiwa watu, na sifa zake zikatangulia mbele yake kutoka kijiji hadi kijiji. Alipita Bumbuli kabla ya kuitwa Vugha, ambako simulizi inasema alimuua simba na kukabidhiwa utawala. Wanahistoria hukisia kuwa hayo yalitukia mwanzoni mwa karne ya 18. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy aliyaandika kwa Kiswahili katika kitabu chake cha Habari za Wakilindi.

Wengi hukumbuka simba na kiti cha enzi. Wachache hujiuliza swali dogo lililo nyuma yake: mbwa wale walifundwa vipi? Kundi la mbwa lisilorudi linapoitwa, linaloshambulia mbuzi wa wenyeji au kung'ata watoto wao, lisingemletea Mbegha mke wala cheo. Lingemletea kesi. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Twaweza kuongeza kwamba mbwa wa msasi mwenye nidhamu ni mwenye nidhamu pia.

Makala haya yanaeleza jinsi mbwa wa nyumbani anavyofunzwa utii, na jinsi utii huo unavyoweza kufikishwa hadi kwenye jambo linalowashangaza wengi: mbwa kucheza na bwana wake kwa kufuata muziki.

Si anasa, ni uhai

Huenda msomaji wa mjini akaona mafunzo ya mbwa ni mchezo wa watu wenye nafasi. Sivyo. Katika vijiji vya Bumbuli na Lushoto, kama ilivyo katika vitongoji vya Tanga na Dar es Salaam, mbwa wengi hufungwa mchana na kufunguliwa usiku, au huachwa wazurure tu. Hawajui kutembea na kamba wala kushikwa kichwa. Neno pekee wanalolielewa ni "toka!"

Matokeo yake huonekana siku ya chanjo. Tangazo hupita, afisa mifugo hufika na sindano zake, lakini mwenye mbwa husema mbwa wake hashikiki. Mbwa hubaki bila chanjo, na pamoja naye hubaki hatari ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba kati ya kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Takriban maambukizi yote kwa binadamu, asilimia 99, hutokana na mbwa. Wataalamu wanasema mbwa wapatao asilimia 70 wakichanjwa, mnyororo wa ugonjwa hukatika. Kisiwani Pemba ulikatika mwaka 2014 kwa kampeni za chanjo. Ugonjwa ukarudi mwaka 2016, ukadhibitiwa tena kwa njia ile ile.

Kwa hiyo mbwa anayekaa akiambiwa "kaa" na kukubali kushikwa shingo ni mbwa anayechanjika. Utii wake waweza kuokoa mtoto wa jirani. Na ikitokea mtu ameng'atwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kuchelewa kupata chanjo, hata kama jeraha ni dogo.

Mbwa hujifunza vipi?

Mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya usagaji wa chakula, aligundua kwamba mbwa huanza kudondokwa na mate hata kabla ya kuonja chakula, mradi amezoea ishara inayotangulia chakula hicho. Baadaye Mmarekani B. F. Skinner alionyesha upande wa pili: mnyama hurudia tendo lililomletea faida na huliacha lisilomletea kitu. Juu ya misingi hiyo miwili ndiyo yamesimama mafunzo ya kisasa.

Watanzania hawana haja ya kwenda mbali kuona misingi hiyo ikifanya kazi. Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panyabuku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya anapofanya sawasawa husikia mlio mfupi wa "klik", kisha hupewa ndizi au chakula kingine akipendacho. Hapigwi wala hafokewi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipelekwa Kambodia, akatambua zaidi ya mabomu na baruti 100, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA. Alikufa Januari 2022. Ikiwa panya aweza kufundishika kiasi hicho kwa mlio na ndizi, mbwa aliyeishi na binadamu kwa maelfu ya miaka hatashindwa.

Siri iko kwenye wakati. Zawadi ifike ndani ya sekunde moja au mbili baada ya tendo. Ukichelewa, mbwa hudhani amezawadiwa kwa jambo jingine alilolifanya katikati, pengine kuruka au kubweka. Ndiyo maana walimu hutumia mlio au neno moja fupi, kwa mfano "vema!", kumwambia mbwa kwamba tendo hilo hasa ndilo lililopendeza na zawadi i njiani.

Fimbo haifundishi hivyo. Mbwa aliyepigwa kwa kuchelewa kurudi hajifunzi kuwahi. Hujifunza kwamba kurudi kwa bwana wake ni kuifuata fimbo. Kesho yake hatarudi kabisa.

Amri tano za mwanzo

Mafunzo huanza na amri chache: kaa, njoo, subiri, acha na fuata. Kila moja iwe na neno moja lisilobadilika, na wote nyumbani walitumie hilo hilo. Baba akisema "kaa", mama "keti" na watoto "tulia", mbwa atachanganyikiwa, na kosa halitakuwa lake.

Kumfundisha kukaa, shika kipande cha nyama au dagaa karibu na pua yake, kisha kipandishe taratibu kuelekea kisogoni. Kichwa kikiinuka, makalio hushuka. Yakigusa ardhi tu, sema "vema!" na umpe. Neno "kaa" liongezwe baadaye, tendo likishazoeleka. Kumfundisha kuja, anza hatua mbili tu, ndani ya uwanja uliofungwa, na kila ajapo apate kitu kizuri. Usimwite kamwe ili umwadhibu. "Subiri" huanza kwa sekunde moja, ikawa tatu, ikawa kumi.

Kila somo lisizidi dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku, kabla mbwa hajala. Lianzie mahali patulivu, kisha lihamie penye vishawishi: kando ya njia, karibu na kuku, na hatimaye sokoni. Mbwa anayekaa uani kwake tu bado hajajua kukaa.

Tumezoea kusema samaki mkunje angali mbichi, na ni kweli kwamba mtoto wa mbwa anayezoeshwa mapema watu, watoto, pikipiki na kelele hukua bila woga mwingi. Lakini kwa mbwa methali hiyo isichukuliwe kuwa hukumu. Hata mbwa mzima hujifunza, ingawa aliyewahi kuteswa huhitaji subira zaidi.

Mbwa anapoingia kwenye ngoma

Mchezo wa mbwa na muziki ulijitokeza mwanzoni mwa miaka ya 1990, Uingereza na Kanada. Mwalimu wa mbwa wa Uingereza, Mary Ray, aliupatia umaarufu kwa maonyesho yake katika tamasha la mbwa la Crufts. Mwaka 2012, msichana Ashleigh Butler na mbwa wake Pudsey walishinda shindano la vipaji la televisheni la Britain's Got Talent, na mamilioni ya watu wakaona kwamba mbwa aweza kuzunguka, kurudi nyuma na kupita katikati ya miguu ya bwana wake bila kuvutwa kamba.

Je, mbwa husikia mdundo kama sisi? Mwaka 2009 watafiti walithibitisha kwamba kasuku mmoja aitwaye Snowball aliweza kulinganisha mwendo wake na mdundo wa muziki, na mwaka 2013 ikathibitishwa hivyo kwa simba wa bahari aitwaye Ronan. Kwa mbwa, ushahidi wa namna hiyo haujapatikana. Mbwa mchezaji hafuati ngoma. Anamfuata bwana wake. Macho yake yako kwenye mkono, bega na mguu.

Kwa sababu hiyo mwalimu mwenye busara hamlazimishi mbwa kuukimbilia wimbo. Humtazama kwanza mbwa anavyotembea kwa raha zake, akahesabu hatua zake, ndipo akatafuta wimbo wenye kasi hiyo. Mbwa mdogo mwenye hatua za harakaharaka atapendeza katika ngoma iliyochangamka kama mdumange wa Wasambaa. Mbwa mkubwa mwenye mwendo wa kifahari atafaa zaidi katika taarabu ya taratibu ya Tanga. Watazamaji wataapa kwamba mbwa anajua muziki, kumbe aliyejua ni aliyeuchagua.

Mitindo yenyewe huundwa na zile amri za mwanzo. "Fuata" huwa kutembea ubavuni, mguu kwa mguu. Kuzunguka hufundishwa kwa kumwongoza mbwa na chakula katika duara, kisha chakula huondolewa na kubaki ishara ya mkono pekee. Kupita katikati ya miguu huanza kwa hatua moja tu. Kila mtindo hufundishwa peke yake hadi ukomae, ndipo miwili iunganishwe, kisha mitatu. Muziki huja mwisho.

Mipaka ipo. Kusimama kwa miguu ya nyuma kwa muda mrefu huumiza nyonga na mgongo, hasa kwa watoto wa mbwa, mbwa wazito na wazee. Mbwa anayepiga miayo bila usingizi, anayelamba midomo au kugeuza uso anasema amechoka, asikizwe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na mchezo unaopatikana kwa njaa au kipigo ni ukatili hata kama watazamaji wanapiga makofi.

Najisi, lakini si adui

Wapo watakaouliza juu ya dini, na swali lao ni la haki katika mkoa wenye Waislamu wengi kama Tanga. Katika madhehebu ya Shafii, ute wa mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hata hivyo, kumfuga mbwa wa kuwinda, kulinda mifugo au mashamba kumeruhusiwa, na Surat Al-Maida inahalalisha windo la mnyama aliyefunzwa.

Wanazuoni hao hao walieleza ni mbwa gani anayestahili kuitwa aliyefunzwa: akitumwa huenda, akizuiwa husimama, akikamata hali alichokikamata, na ayafanye hayo si kwa bahati bali tena na tena. Mwalimu wa mbwa wa leo hana la kuongeza katika kipimo hicho. Asiyetaka kuguswa na ute wa mbwa aweza kumfunza kwa ishara za mkono na kumtupia zawadi chini.

Tunarudi pale tulipoanzia. Mlinzi wa shamba la mahindi Bumbuli anayesumbuliwa na nguruwe na ngedere hahitaji mbwa anayecheza taarabu. Anahitaji mbwa anayekwenda akitumwa, anayerudi akiitwa, na anayetulia sindano ya chanjo inapomkaribia. Lakini kijana wake akianza na dagaa watatu na neno "kaa" jioni ya leo, baada ya miezi michache huenda majirani wakasimama njiani kumtazama mbwa akizunguka kwa ngoma. Jambo la maana litakuwa limeshatimia kabla ya wimbo kuanza: mbwa huyo atakuwa ameshajua kumsikiliza mtu, na mtu ameshajua kumtazama mbwa wake.