Hofu Inayopendwa na Hofu Inayoepukwa

Wahenga walituachia swali: Pilipili usiyoila yakuwashiani? Kwa kawaida swali hili hutumika kumkanya mtu anayejitia katika mambo yasiyomhusu. Lakini mwanasayansi aweza kulichukua kama lilivyo na kuuliza: mtu aliyeketi salama kitini, mlango umefungwa na taa inawaka, akisoma kisa cha zimwi ambalo hajapata kuliona, kwa nini moyo humwenda mbio? Tena kuna jambo la ajabu zaidi: kwa nini msomaji mmoja hukifunga kitabu hicho na kuapa kutokigusa tena, hali mwenzake hukimaliza na kuuliza kama kipo kingine?

Swali hili lina uzito wake shuleni. Mwalimu huchagua kitabu kimoja kisomwe na darasa zima. Mwanafunzi anayekikataa huitwa mwoga, na yule anayekipenda mno hushukiwa kuwa na moyo mgumu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hukumu zote mbili hazina msingi. Tofauti ya wasomaji hao haimo katika ushujaa, bali katika jinsi kila mmoja wao alivyotengwa na hatari inayosimuliwa.

Mwili haujui kusoma

Mwaka 1915 Walter Cannon, mtaalamu wa fiziolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alichapisha kitabu kuhusu mabadiliko yanayoupata mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na ghadhabu. Alionyesha kwamba hofu ni matayarisho ya mwili mzima kwa kazi ya kupigana au kukimbia. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hupiga upesi, ini hutoa sukari iwe kuni za misuli, mboni za macho hupanuka, viganja hutoa jasho, na vinyweleo husimama.

Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, iitwayo amigdala, ambayo inashiriki sana katika kupiga mbiu hiyo. Mbiu yaweza kupigwa kabla sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hupima mambo kwa utulivu, haijamaliza kazi yake. Wazee wetu walikwisha kuliona jambo hili waliposema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na utaratibu huo una faida: anayeuruka ung'ongo kwa kudhani ni nyoka hupoteza hatua moja tu, bali anayemkanyaga nyoka kwa kudhani ni ung'ongo aweza kupoteza uhai.

Kwa hiyo twaweza kusema kwamba mwili haujui kusoma. Maneno yaliyoandikwa vizuri huamsha picha akilini, na mwili huijibu picha hiyo kana kwamba ni kitu chenyewe, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi. Hadi hapa anayependa na asiyependa hawana tofauti kubwa, maana wote wawili moyo huwadunda. Tofauti yaanza pale akili inapotakiwa kuutafsiri mdundo huo.

Somo la pilipili ya Kinole

Ili tuelewe tafsiri hiyo, na tuende Kinole, katika Wilaya ya Morogoro, kwenye mteremko wa mashariki wa Milima ya Uluguru. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huleta mvua nyingi upande huo, na wakulima wake hustawisha ndizi, matunda na viungo, kama vile mdalasini, karafuu na pilipili manga, ambayo hutambaa juu ya miti kwa mashina yake membamba.

Mtu akitafuna punje ya pilipili manga, ulimi humwaka. Lakini ukiupima ulimi huo kwa kipimajoto hutaona joto lolote la kuunguza. Katika neva za kinywani mna vipokezi ambavyo kazi yake ni kuupasha ubongo habari za joto linalozidi nyuzi 43 hivi za Selsiasi, yaani joto la hatari. Piperini iliyomo katika pilipili manga, na kapsaisini iliyomo katika pilipili kali, huviamsha vipokezi hivyo hivyo. Mwaka 1997 David Julius na wenzake huko California walikitambua kipokezi hicho, na mwaka 2021 Julius alikuwa mmoja wa washindi wawili wa Tuzo ya Nobel ya fiziolojia na tiba. Ubongo, basi, hupewa habari za moto pasipo moto.

Mtoto mdogo akionja pilipili hulia. Hata hivyo, mtoto huyo huyo, akiisha kula miaka kadhaa pamoja na wakubwa wanaoitia katika mchuzi, aghalabu huja kuipenda na kuona chakula kisicho nayo kimepooza. Mwanasaikolojia wa Marekani Paul Rozin, aliyechunguza jambo hili huko Mexico, alieleza kwamba mlaji hakosi kusikia mwako. Mwako upo, lakini amejifunza kwamba haudhuru, na huona raha katika kule kujua kwamba mwili unalalamika bure. Rozin aliliweka jambo hili katika kundi moja na machozi ya hadithi za huzuni na hofu ya hadithi za kutisha.

Hapa ndipo tunapopata kanuni ya kwanza: hofu hugeuka kuwa raha pale mwili unapoamini hatari na akili ikajua kwamba hatari haipo. Kimoja kikikosekana, raha haipatikani. Mwili usiposhtuka, hadithi ni chapwa. Akili isipokuwa na uhakika wa usalama, hadithi ni mateso.

Kiasi cha kila mtu

Hata wapenda pilipili hawaitii kwa kipimo kimoja. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu 110 waliopita katika nyumba iliyotengenezwa makusudi kwa kutisha, wakiwa wamevalishwa vyombo vya kupima mapigo ya moyo. Ilionekana kwamba furaha iliongezeka kadiri hofu ilivyoongezeka, hadi kufikia kiasi fulani. Baada ya hapo, hofu ilipozidi, furaha ilipungua. Mchoro wa matokeo hayo ulifanana na kilima: kilele kiko katikati, na pande zote mbili ni mabonde.

Mahali pa kilele hutofautiana kati ya mtu na mtu. Tangu miaka ya 1960 mwanasaikolojia Marvin Zuckerman alipima kwa hojaji hamu ya watu ya kupata misisimko mipya na mikali. Wenye hamu kubwa, kwa wastani, hufurahia zaidi visa vya kutisha. Kwa upande mwingine, wale wanaoyaona mateso ya mhusika kana kwamba ni yao wenyewe, kwa wastani, huvifurahia kidogo zaidi, hasa visa vinavyokazia maumivu na damu. Basi, anayekifunga kitabu huenda anafanya hivyo kwa kuwa huruma yake ni nyingi, wala si kwa kuwa ushujaa wake ni haba.

Mlango wa hadithi

Je, akili hupata wapi uhakika wa usalama? Watu wa Afrika Mashariki walilijibu swali hili kabla ya maabara kuwapo. Msimulizi wa Kiswahili hasemi habari za zimwi ghafla. Kwanza huita, "Paukwa!" na wasikilizaji huitika, "Pakawa!" Kisha huwapeleka mbali kwa kusema hapo zamani za kale. Katika jamii nyingi ngano zilisimuliwa usiku tu, watu wakiwa wameketi pamoja kuuzunguka moto, na ilikuwa mwiko kuzisimulia mchana. Mwito, mwitiko, wakati maalumu na mikono ya bibi iliyo karibu, yote hayo yalikuwa mlango. Mtoto aliupita akijua kwamba ameingia katika hadithi, na kwamba atatoka.

Riwaya nayo ina milango yake. Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, msomaji hutiwa hofu ya mahali pa mizimu, lakini yumo Bwana Msa, mpelelezi anayetegemea hoja na ushahidi, naye humshika msomaji mkono. Katika Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o, iliyochapishwa mwaka 1977, kijana hurithi uchawi wa baba yake, na ndani ya hadithi uchawi huo una nguvu kweli. Mlango wa pili ni mwembamba kuliko wa kwanza. Msomaji asiyeamini uchawi huupita kwa urahisi, bali yule ambaye nyumbani kwao watu wametuhumiana uchawi huenda asiuone kabisa.

Habari isiyo na mlango

Milima ya Uluguru inatupa mfano ulio wazi wa hofu isiyo na mlango. Nao ni mumiani. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaeleza neno hilo kuwa ni dawa nyeusi yenye kufanana na utomvu, iliyosemwa kuletwa kutoka Uajemi, ambayo watu wengi waliamini kwamba ni damu ya binadamu. Wakati wa ukoloni zilienea katika Afrika Mashariki habari za watu wanaokamata wenzao usiku na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, ameeleza jinsi lawama hiyo ilivyowaangukia hata wazimamoto wa mijini. Naye mwanaanthropolojia Peter Pels, katika makala ya mwaka 1992, alichunguza habari za mumiani miongoni mwa Waluguru, ambao waliwahusisha Wazungu na kazi hiyo ya kuchukua damu.

Angalia tofauti yake na zimwi la ngano. Mumiani hakutanguliwa na "Paukwa". Alisimuliwa njiani kama habari: ameonekana mahali fulani, usiku wa kuamkia leo. Waliosikia hawakuketi kuzunguka moto wakaomba kisa kingine. Walirudi nyumbani mapema. Ndivyo ilivyokuwa pia Pemba na Unguja mwaka 1995, ilipoenea hofu ya Popobawa, na watu wengi wakalala nje kwa makundi. Waluguru na Wazanzibari hao hawakuwa watu wasiopenda hadithi. Walikuwa watu waliopewa kwa sura ya habari kile ambacho wengine hukipokea kwa sura ya hadithi. Kitu kile kile, kikisomwa na mgeni wa mbali, chaweza kuwa burudani.

Jambo hili si la zamani tu. Nchini mwetu vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na tangu miaka ya 2000 watu wenye ualbino wameuawa kwa sababu ya imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Kwa mwanafunzi mwenye ualbino, kisa cha wawinda viungo hakina ukuta wowote unaomtenga na hatari. Kumlazimisha akisome kwa sauti mbele ya wenzake, kisha kumwita mwoga anapokataa, ni kutojua maana ya hofu.

Tena hofu iliyozidi kiasi hukawia kutoka. Mwaka 1999 Kristen Harrison na Joanne Cantor walitangaza utafiti kuhusu wanafunzi wa vyuo vikuu viwili vya Marekani. Wapatao tisa kati ya kila kumi walikumbuka filamu au kipindi kilichowatisha utotoni au ujanani kwa muda mrefu, na kama robo yao walisema kwamba bado wana mabaki ya wasiwasi huo. Mtoto mdogo hutishwa zaidi na sura ya kutisha, hata akiambiwa si kweli, kwa sababu uwezo wake wa kutenga sura na ukweli haujakomaa. Aliye mkubwa zaidi hutishwa na yale yanayoweza kutokea.

Kazi ya darasani

Walimu waweza kuligeuza jambo hili kuwa somo la sayansi. Mwalimu achague kifungu kifupi cha kutisha ambacho hakigusi msiba wowote unaojulikana mahali pale. Atangaze mapema aina ya kifungu, na asiyetaka kusikiliza apewe kazi ya kutunza saa au kuchora jedwali, bila ya kuulizwa sababu. Wanafunzi waketi kimya kwa dakika 5, kisha kila mmoja ahesabu mapigo ya mshipa wa kifundo cha mkono kwa dakika 1. Kifungu kisomwe kwa sauti, na mapigo yahesabiwe tena mara moja. Mwisho, kila mmoja aandike katika karatasi isiyo na jina tarakimu mbili, kati ya 0 na 10: ametishika kiasi gani, na amefurahi kiasi gani.

Darasa lichore grafu, hofu ikiwa katika mhimili mlalo na furaha katika mhimili wima, kisha litazame kama kilima kinaonekana. Wanafunzi wakumbushwe kwamba darasa moja halitoshi kuthibitisha kanuni, na kwamba mapigo huweza kupanda kwa sababu nyingine, hata kwa kucheka. Bila shaka watagundua kwamba wawili ambao mapigo yao yamepanda sawasawa wameandika tarakimu za furaha zilizo mbali mbali. Hapo ndipo mjadala uanzie: kila mmoja aulizwe, kama yu tayari kusema, ni kitu gani kilichomhakikishia kwamba yu salama, au ni kitu gani kilichomnyima uhakika huo.