Ndege ya kilo tano iliyovuka Atlantiki: mafundi wa moteri ndogo wana nini cha kujifunza?

Mchana wa tarehe 11 mwezi wa nane mwaka wa 2003, ndege ndogo isiyo na rubani ilitokea juu ya ufuko wa Mannin, karibu na mji wa Clifden, magharibi mwa Ayalandi. Mmarekani Dave Brown, aliyekuwa akiingojea chini, aliishika kwa telekomande na kuituliza salama. Ndege hiyo ilikuwa imerushwa kwa mkono jioni ya tarehe 9 kule Cape Spear, mashariki mwa Kanada. Ilikaa hewani saa 38 na dakika 52, ikapita karibu kilometa 3,030 juu ya bahari, bila kutua popote.

Aliyeitengeneza ni Maynard Hill, mzee wa miaka 77, ambaye macho yake yalikuwa karibu hayaoni tena na masikio yake yalikuwa mazito. Ndege hiyo iliitwa TAM-5, na namba hiyo inaeleza mengi. Nne zilizoitangulia hazikufika.

Katika Kivu, ndege isiyo na rubani haileti kicheko. Wakaaji wa Goma walianza kuzijua mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2013, wakati MONUSCO ilipoanza kurusha zake za upelelezi, na tangu hapo mlio wa namna hiyo angani umebaki kuwa jambo la vita. Lakini ndege za telekomande ni kazi ya miaka mingi ya watu wa kawaida, wanaozijenga kwa mbao nyepesi mezani nyumbani na kuzirusha siku ya mapumziko. Na moteri zake si ngeni kwetu. Nyingi ni ndugu wa moteri ya msumeno wa kukatia miti, au ya jenereta ndogo inayotaka esanse ichanganywe na mafuta ya moteri.

Siku ya kurusha ni siku ya kutengeneza

Anayefikiri kwamba watu hao hushinda angani anakosea. Sehemu kubwa ya siku hupita wakiwa wamepiga magoti kwenye majani, bisibisi mkononi. Moteri inawaka, inakohoa, inazimika. Fundi mzuri hafungui kila kitu kwa pamoja. Anauliza maswali matatu kwa zamu: je, esanse inafika? Je, bugi inatoa moto? Je, hewa inaingia kwa kipimo?

Bugi yenyewe husema. Ikitoka nyeusi na yenye maji maji, esanse imezidi. Ikitoka nyeupe na kavu, esanse ni kidogo na moteri inaungua pole pole. Hapo fundi anageuza visi ya karbirateri kidogo tu, kisha anasikiliza tena. Wenye moto-moto wa Goma wanalijua jambo hili: mji uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na karbirateri iliyopimwa pwani hunywa esanse kupita kiasi huku juu.

Ndege ina ugonjwa mwingine ambao moto haina. Moteri inaweza kulia vizuri ikiwa chini, lakini ikapoteza nguvu mara tu pua inapoinuka, kwa sababu esanse inalazimika kupanda. Ndiyo maana, kabla ya kurusha, mtu mmoja huishika ndege kwa nguvu na kuiinua pua juu, moteri ikilia kwa nguvu zote. Ikidhoofika, hairushwi. Sababu mara nyingi ni ndogo: mpira wa esanse umepasuka, au mtikisiko unaleta povu ndani ya tanki, na moteri inavuta hewa badala ya esanse.

Halafu kuna bugi dhidi ya redio. Umeme wa bugi huweza kuvuruga redio inayopokea amri za telekomande. Kwa hiyo vitu hivyo viwili huwekwa mbali, na fundi hutembea hatua nyingi kutoka kwenye ndege akijaribu kama mkia na mabawa bado vinatii.

Hill alibadilisha nini?

Sheria ya rekodi za kimataifa ilikuwa ngumu: ndege pamoja na mafuta yake isizidi kilo tano. Moteri ndogo nyingi za namna hiyo hutumia methanoli, ambayo kwa kila kilo ina nguvu isiyofika hata nusu ya ile ya esanse. Kwa methanoli, Atlantiki isingevukika. Hill na wenzake walichukua moteri ya kawaida ya dukani, ya O.S., wakaitilia bugi na kuirekebisha itumie mafuta safi ya taa za kambini, ambayo ni jamaa ya esanse lakini hayaachi uchafu mwingi. Moteri ilipaswa kulia karibu siku mbili mfululizo, bila mtu wa kusafisha bugi.

Mafuta waliyotia hayakufika lita nne. Ukipiga hesabu, kila lita iliisukuma ndege zaidi ya kilometa 750. Katikati ya bahari iliongozwa na kompyuta ndogo na GPS, na habari zake zilikuja kwa satelaiti. Kuna wakati habari hizo zilikatika kwa saa kadhaa, na waliokuwa wakingojea hawakuwa na la kufanya.

Sehemu ilipotua haikuchaguliwa ovyo. Mwaka wa 1919, Waingereza John Alcock na Arthur Brown walitua kwenye kinamasi karibu na Clifden, baada ya kuwa watu wa kwanza kuvuka Atlantiki kwa ndege bila kusimama. Walitoka Newfoundland, kisiwa kile kile chenye Cape Spear.

Hill alifariki mwaka wa 2011. Hakuacha siri yoyote ya ajabu. Ndege ikianguka, alitafuta sababu moja, akairekebisha, akajenga nyingine. Vijana wetu wanaofungua jenereta na moto kando ya barabara wana mikono ya kazi hiyo tayari. Kurusha ndege ni jambo lingine: katika eneo la vita, hata kichezeo kinaweza kudhaniwa kuwa silaha, na asiye na ruhusa asijaribu. Lakini ile tabia ya kutobahatisha, ya kubadili kitu kimoja na kusikiliza kwanza, haihitaji ruhusa ya mtu, wala haihitaji macho mazima.