Je, Wajua? Jina la Timu na Jezi Inayovuka Mpaka

Je, wajua kuwa Kagera Sugar ni timu yenye nyumba tatu? Kiwanda kilichoizaa kipo Missenyi. Uwanja wake, Kaitaba, upo Bukoba mjini. Na neno la kwanza katika jina lake ni la mkoa mzima, kwa hiyo mtu wa Kamachumu au Nshamba, huko Muleba, ana haki nayo sawasawa na mtu wa Kashai, Bukoba.

Neno lenyewe si la zamani sana. Mkoa huu uliitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979, ulipopewa jina la mto baada ya vita dhidi ya Idi Amin. Kabla ya Kagera Sugar kushika nafasi, timu iliyobeba heshima ya mkoa ilikuwa RTC Kagera, na herufi hizo tatu zilikuwa za kampuni ya umma ya biashara ya mkoa. Ukitaka kujua nani alikuwa na fedha katika zama fulani, soma majina ya timu.

Timu nayo ina jina la utani: Wanankurukumbi. Hulioni kwenye msimamo wa ligi, lakini siku ya mechi hulikosi redioni.

Je, wajua kuwa Ujerumani jina kama Kagera Sugar lingezuiwa? Kanuni zao hazitaki jina la mdhamini ndani ya jina la klabu. Kampuni ya Red Bull ilipoanzisha timu Leipzig mwaka 2009 ililazimika kutafuta njia, ikaiita RasenBallsport ili herufi R na B zibaki. Bayer Leverkusen wameachiwa jina la kiwanda kwa sababu wafanyakazi wa kiwanda hicho ndio walioianzisha, mwaka 1904.

Sasa twende Wales, maana kisa hiki kila kiongozi wa klabu anapaswa kukijua. Cardiff City walivaa bluu kwa zaidi ya miaka mia moja, na ndege wa bluu kwenye nembo. Mwaka 2012 mmiliki wao, Vincent Tan wa Malaysia, akawavisha jezi nyekundu na kumweka joka kubwa kifuani, ndege akasukumwa chini. Hesabu yake ilikuwa kwamba nyekundu ni rangi ya bahati na ingevuta mashabiki wa Asia. Timu ikapanda Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2013, lakini hata furaha ile haikuwanyamazisha watu wa bluu. Waliandamana, waliendelea kuvaa skafu zao za zamani uwanjani. Timu ikashuka mwaka 2014, na Januari 2015 bluu ikarudi. Mimi huwa nawafikiria wazee wa Cardiff: uwanja umejaa, timu inashinda, na wewe huitambui.

Hull City walitaka kuitwa Hull Tigers ili wauzike ng'ambo. Chama cha soka cha Uingereza kilikataa, 2014.

Je, wajua kuwa Simba imewahi kuitwa Sunderland? Ilizaliwa mwaka 1936 ikiitwa Queens, baadaye Eagles, kisha ikachukua jina la klabu ile ya Uingereza, na kwa jina hilo ikatwaa ubingwa wa 1965 na 1966. Mwaka 1971 Mzee Abeid Amani Karume akashauri jina la Kiswahili. Tazama lilivyosafiri: Simba ni neno ambalo mgeni hulishika mara moja, na halikukopwa kwa mtu. Singida, kwa upande mwingine, wametuchosha. DTB ikawa Singida Big Stars mwaka 2022, mwaka uliofuata ikawa Singida Fountain Gate, kisha jina la Singida likaondoka kabisa; na Ihefu ya Mbeya ikageuka Singida Black Stars mwaka 2024. Shabiki aliyenunua jezi ya kwanza aivae wapi?

Je, wajua kuwa kijana wa Muleba anayekwenda kibanda umiza na jezi ya Arsenal ya miaka ya karibuni huenda anaitangaza nchi jirani? Kuanzia 2018 mkono wa jezi ile ulibeba maneno ya kuwaalika watalii Rwanda. Simba nao walivaa tangazo la utalii wa Tanzania kifuani mwaka 2021 katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Hapo Rwanda na Simba walifanya jambo la maana: walitangaza kwao bila kubadili jina la timu wala rangi.

Katika kujitangaza hivyo, Bukoba ina faida ambayo Dar es Salaam haina. Mpaka wa Mutukula uko jirani, na Kampala ni karibu kuliko Dar. Mashabiki wa nje wanaweza kuja kwa basi. Tena mkoa huu umezoea kuuza kitu chake kikiwa na jina lake: kahawa ya KCU, ushirika wa wakulima wa Kagera, imenywewa Ulaya kwa miaka mingi kupitia biashara ya haki. Mimi ningependa kuona jezi yenye tawi la mbuni, au senene. Mgeni atauliza ni mdudu gani, na hapo mazungumzo yameanza.

Msimu wa 2024/25 Kagera Sugar ilishuka daraja, na hilo limetuuma. Lakini je, wakumbuka tarehe 19 Mei 2018? Simba walikuwa hawajafungwa msimu mzima wa ligi, Rais Magufuli yupo uwanjani Dar es Salaam kuwakabidhi kombe. Edward Christopher akafunga. Simba 0, Kagera Sugar 1.