Hitilafu ya kadi pepe ya mtandao iliyopitisha data mbovu

WAHANDISI wa kampuni ya Twitter nchini Marekani waligundua mnamo Novemba 2015 kwamba data iliyoharibika ilikuwa ikiingia katika baadhi ya huduma zao. Vifaa vya mtandao vilikuwa vimepata hitilafu, jambo la kawaida katika kumbi za seva. Lisilo la kawaida ni kwamba data hiyo ilipita mahali ilipopaswa kuzuiwa.

Kila pakiti inayosafiri kwa utaratibu wa TCP hubeba namba ya ukaguzi ya biti 16. Mpokeaji huirudia hesabu iliyofanywa na mtumaji. Zisipolingana, pakiti hutupwa na mtumaji hulazimika kuituma upya. Aghalabu kadi ya mtandao ndiyo hufanya kazi hiyo, kisha huitia pakiti alama ya kuthibitishwa. Ikiona kasoro, huiacha bila alama ili kiini cha mfumo endeshi kiikague chenyewe.

Lawama iliangukia kiendeshi kiitwacho veth, kilichomo katika kiini cha Linux tangu toleo la 2.6.24 la Januari 2008. Veth huunda kadi mbili pepe zilizounganishwa kwa waya usiokuwepo: kinachoingia upande mmoja hutokea upande wa pili. Programu za Docker na Kubernetes hukitumia kuunganisha makontena na mtandao wa nje.

Kiendeshi hicho kiliichukua pakiti isiyo na alama na kuitia alama kwamba imethibitishwa. Hoja yake ilikuwa na mantiki, kwani pande zote mbili zimo katika kompyuta moja na hakuna waya wa kuchakaa. Lakini pakiti iliyotoka nje, ikiwa tayari imeharibika, ilifutiwa shaka iliyoachwa na kadi halisi na kukabidhiwa kontena kama data safi.

Jaribio la kutuma pakiti nzima na kuona kama zimefika lisingefichua kosa hilo hata likirudiwa mara milioni. Sharti uharibifu uletwe kwa makusudi.

Linux ina chombo cha kazi hiyo, netem, ambacho huchelewesha pakiti, huzipoteza au hugeuza biti moja ndani yake kwa kiwango anachotaka mjaribu. Kompyuta moja hutuma pakiti zilizochafuliwa hivyo kwa nyingine yenye kontena, kisha kilichopokewa hulinganishwa na kilichotumwa, baiti kwa baiti. Namba ya ukaguzi hugundua daima kosa la biti moja, kwa hiyo jibu halina utata. Mawasiliano yakizorota, si neno. Baiti moja ikitofautiana, kiendeshi kimeanguka.

Marekebisho yaliwasilishwa Desemba 2015, nayo yalikuwa ni kufuta mistari michache tu.

Tangu toleo la 4.16 la mwaka wa 2018, Linux ina pia netdevsim, kiendeshi kisicho na kadi yoyote nyuma yake, kilichoandikwa kwa ajili ya majaribio pekee. Kwacho, mabadiliko mengi hupimwa bila kununua vifaa. Hata hivyo, hakiwezi kuonyesha jinsi kadi fulani halisi itakavyoitendea pakiti mbovu; hilo bado hutaka kadi yenyewe ichomekwe.