Kuchagua Kompyuta ya Nyumbani kwa Michezo, Muziki na Filamu: Mwongozo kwa Mlaji wa Tabora

Katika karne ya 19, mfanyabiashara aliyetoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji alilazimika kuchagua mizigo yake akiwa bado pwani. Watu wa kila nchi ya bara walikuwa na shanga walizozipenda na nguo walizozikubali. Aliyebeba shanga za rangi isiyotakiwa alifika Unyanyembe na mzigo usioweza kumpatia chakula, na kurudi pwani kuubadilisha ulikuwa mwendo wa miezi.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na leo mzigo husafiri kwa basi usiku mmoja. Hata hivyo, mlaji wa Tabora anayeagiza kompyuta kutoka Kariakoo bado yuko zaidi ya kilomita 800 kutoka kwa muuzaji wake. Kifaa kikifika na kasoro, gharama ya kukirudisha na siku za kusubiri humwangukia yeye kwanza. Kwa sababu hiyo, uchunguzi wote ufanyike kabla fedha haijatoka mkononi.

1. Anza na matumizi

Jiulize kompyuta itafanya kazi gani nyumbani. Kusikiliza muziki na kutazama filamu ni kazi nyepesi. Karibu kila kompyuta iliyotengenezwa katika miaka ya karibuni inaiweza. Michezo ndiyo inayotofautisha kifaa na kifaa. Mchezo wa zamani kama GTA San Andreas, uliotoka mwaka 2004, huchezeka kwenye kompyuta ya kawaida. Mchezo wa mpira wa EA Sports FC 24 unadai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 8 na nafasi ya gigabaiti 100 kwenye diski, pamoja na kadi ya michoro ya kutosha.

Andika majina ya michezo miwili au mitatu ambayo familia inataka hasa, kisha tafuta mahitaji yake, ambayo watengenezaji huyatangaza. Karatasi hiyo ndiyo uende nayo dukani. Asiye na orodha huuziwa kile ambacho muuzaji anataka kukiondoa dukani.

2. Mambo manne ya kukagua

*Prosesa.* Wengi huambiwa, "Hii ni i7," wakadhani wamepata iliyo bora. Namba inayofuata ndiyo yenye habari zaidi. Prosesa ya i7-4600U ni ya kizazi cha 4. Ya i5-8250U ni ya kizazi cha 8, na ina nguvu zaidi ingawa jina lake linaonekana dogo.

*Kumbukumbu.* Gigabaiti 4 hutosha muziki na filamu kwa shida; gigabaiti 8 ni kiasi cha kuridhisha; anayetaka michezo mipya atafute 16. Uliza pia kama kumbukumbu inaweza kuongezwa baadaye.

*Diski.* Diski ya SSD haina sehemu inayozunguka. Huwaka haraka, na hustahimili mitikisiko ya safari kuliko diski ya zamani.

*Kadi ya michoro.* Kompyuta nyingi za ofisi hutegemea michoro ya ndani ya prosesa. Hiyo hutosha filamu, lakini michezo mizito huhitaji kadi ya pekee. Kwenye kompyuta mpakato, kadi hiyo kwa kawaida haiwezi kuongezwa baadaye.

Usitegemee karatasi iliyobandikwa juu ya kifaa. Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Katika dirisha litakalofunguka, sehemu ya utendaji itakuonyesha prosesa, kumbukumbu na aina ya diski. Ukiwa mbali, mwombe muuzaji akutumie picha ya video ya dirisha hilo pamoja na namba ya utambulisho iliyo chini ya kifaa, ili kitakachopokelewa kilinganishwe nayo.

3. Umeme wa nyumba yako

Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230. Chaja ya kompyuta mpakato ikiandikwa 100–240V haina tatizo. Hatari iko kwenye baadhi ya kompyuta za mezani zilizotoka nchi zinazotumia volti 110 au 120. Nyingine zina swichi ndogo nyuma, iliyoandikwa 115 na 230. Ikiwashwa hapa ikiwa kwenye 115, kifaa cha kupokea umeme kinaweza kuungua papo hapo. Angalia swichi hiyo kabla ya kuchomeka waya.

Jambo la pili ni matumizi. Kompyuta ya mezani yenye kadi kubwa ya michoro inaweza kutumia wati 300 wakati wa mchezo mzito. Kwa saa 4 kila siku, hizo ni uniti 36 kwa mwezi. Kompyuta mpakato inayotumia wati 50 kwa saa hizo hizo itakula uniti 6. Katika bei za TANESCO, kundi la D1 ni la wateja wa majumbani wasiozidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, nao hulipa bei ndogo kwa kila uniti kuliko wa kundi la T1. Familia inayotumia uniti 50 ikileta ile ya mezani itafika 86, na inaweza kuhamishwa kundi; ndipo taa, pasi na jokofu navyo hulipiwa kwa bei ya juu. Ikileta mpakato itabaki kwenye 56.

Jambo la tatu ni kukatika kwa umeme na radi za majira ya mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Betri ya mpakato humpa mtumiaji nafasi ya kuhifadhi kazi yake. Mwenye kompyuta ya mezani atenge fedha za UPS, akijua kwamba kazi yake ni kumpa dakika chache za kuzima kwa utaratibu, wala si kuendelea kucheza usiku kucha. Radi ikianza, chomoa waya ukutani. Kuzima kwa kitufe pekee hakutoshi. Wakati wa kiangazi, vumbi huziba njia za hewa na kifaa hupata joto kupita kiasi, hivyo usikiweke sakafuni wala juu ya godoro.

4. Kompyuta iliyokwisha tumika

Kununua kifaa kilichotumika si kosa, na kwa familia nyingi ndiyo njia pekee iliyo ndani ya uwezo. Lakini rahisi inaweza kuwa ghali. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inahitaji kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, hifadhi ya gigabaiti 64 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida huanzia kizazi cha 8. Kompyuta ya zamani kuliko hiyo bado itacheza muziki na filamu, ila bei yake iwe ya chini ipasavyo.

Pima betri kabla ya kulipa: ijaze, chomoa chaja, kisha tazama filamu kwa dakika 30. Ikishuka kutoka asilimia 100 hadi 75, itadumu takriban saa 2. Ikishuka hadi 40, haitafika saa moja, na gharama ya betri mpya iingizwe kwenye maelewano ya bei. Jaribu pia spika zote mbili, kila kitufe, kila tundu na kioo kizima.

5. Nafasi ya muziki na filamu

Wimbo wa dakika 4 huchukua takriban megabaiti 4 hadi 10. Filamu ya ubora wa kati huchukua gigabaiti 1 hadi 2. Gigabaiti 500 zilizo wazi zinaweza kubeba filamu 250 za gigabaiti 2. Jihadhari na flashi au diski za nje zinazodai ujazo mkubwa kwa bei ya kushangaza. Baadhi yake huonyesha ujazo wa uongo, na mafaili yanayozidi ujazo wa kweli hupotea. Kumbuka pia kwamba filamu na nyimbo zinazonakiliwa bila ridhaa huwanyima wasanii haki wanayolindwa nayo kisheria, kazi inayosimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA), na flashi za mtaani huleta virusi.

6. Haki zako na ushahidi wako

Dai risiti ya EFD, nayo ionyeshe aina ya kifaa na namba yake ya utambulisho. Dhamana iandikwe: ni ya muda gani, inahusu sehemu zipi, na nani atalipa usafirishaji kutoka Tabora kifaa kikiharibika. Swali hili la mwisho husahaulika mara nyingi, nalo ndilo huzaa migogoro.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya au kumpotosha mlaji. Bango la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" halihalalishi udanganyifu. Kifaa kikifika, kifungue mbele ya shahidi ukirekodi video, na ukiona kasoro mwarifu muuzaji kwa maandishi siku hiyo hiyo. Asipokusikiliza, peleka malalamiko yako Tume ya Ushindani ukiwa na risiti, picha na mawasiliano yenu. Mlaji mwenye maandishi husikilizwa upesi. Asiye nayo hubaki na neno lake dhidi ya neno la muuzaji aliye mbali.